SARUJI, JIWE NA AHADI YA MWAKA 2030

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Muhula huu lilifika hapa shuleni lori lenye mifuko 300 ya saruji kwa ajili ya bweni jipya. Sisi wa Kidato cha Nne ndio tulioitwa kuipakua, na wengi wenu mlituona jioni ile tukiwa wa kijivu tangu nywele mpaka viatu, hata mpishi akatuzuia mlangoni mwa bwalo tusiingie kabla ya kuoga. Wenzangu walioga, wakala, wakasahau. Mimi sikusahau, kwa kuwa wiki moja kabla ya hapo nilikuwa nimeshindwa vibaya katika mdahalo, na jambo lililonishinda lilikuwamo ndani ya mifuko ile ile.

Hoja yetu siku ya mdahalo ilisema kwamba viwanda vya saruji vyaweza kuacha kuchafua hewa kama wenye navyo wakitaka. Mimi nilikuwa msemaji wa kwanza wa upande uliokubali. Nilieleza kwa maneno mengi na kwa sauti kubwa kwamba moshi hutokana na moto, na kwamba mwenye kiwanda akiacha makaa ya mawe akatumia gesi, au umeme wa jua na wa maji, basi kazi imekwisha. Nilipigiwa makofi. Kisha akasimama msichana mmoja wa Kidato cha Tatu, akauliza swali moja tu: "Bwana Mwenyekiti, msemaji ametueleza habari za moto. Na hewa inayotoka ndani ya jiwe lenyewe ataizuiaje?" Sikuwa na jibu. Nilikunywa maji, nikasema nitalifikia swali hilo baadaye, nami sikulifikia. Makala haya ndiyo jibu langu, ingawa kura zilikwisha kupigwa.

Kabla ya kufika kiwandani nawaomba mje nami kwanza kwetu Kilwa. Babu yangu alikuwa mchoma chokaa. Watu wa pwani wameifanya kazi hiyo kwa karne nyingi. Misikiti na majumba ya Kilwa Kisiwani, ambayo wageni huja kutoka mbali kuyatazama, yalijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Tanuu ya babu haikuwa na kuta. Magogo hupangwa chini kwa duara, matumbawe hupangwa juu yake, kisha moto hutiwa katikati, na rundo zima huwaka usiku na mchana. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza ajuaje kwamba mawe yameiva. Akachukua vifuu viwili vya nazi, akatia kipande cha jiwe bichi katika kimoja, na katika cha pili kipande cha ukubwa ule ule kilichotoka kwenye tanuu na kupoa. Akanipa vyote viwili nishike. "Pima mwenyewe, mjukuu wangu," akasema. "Jiwe likiiva huwa jepesi."

Nilidhani moto umelikausha maji tu, kama unavyokausha dagaa. Nikaishi na dhana hiyo miaka kadha wa kadha, mpaka tulipofundishwa katika somo la Kemia kwamba jiwe la chokaa ni kalsiamu kaboneti, na kwamba likifikishwa katika joto la nyuzi 900 hivi za sentigredi huachana sehemu mbili. Sehemu moja ni chokaa, nayo hubaki. Sehemu ya pili ni kaboni dayoksaidi, ambayo kwa Kiswahili twaiita hewa ya ukaa, nayo hupaa isionekane. Ukichukua gramu 100 za jiwe safi, chokaa itakayobaki ni gramu 56, na gramu 44 zitakuwa zimekwenda zake hewani. Wepesi ule alioupima babu kwa vifuu ulikuwa hiyo hewa iliyotoka.

Baada ya kushindwa katika mdahalo nilimwomba Mwalimu wetu wa Kemia ruhusa ya kulijaribu jambo hili, naye akakubali kwa sharti kwamba yeye mwenyewe asimame karibu. Tulipima gramu 50 za jiwe la chokaa, tukalitia katika chungu kidogo, tukalichoma saa tatu nzima kwa jiko la mkaa na mvukuto. Lilipopoa tulipima tena, tukapata gramu 31. Kwa hesabu ya kitabu tulipaswa kupata 28. Hizo gramu 3 za ziada ni hewa iliyobaki ndani ya jiwe ambalo halikuiva, na sababu yake naijua: waliokuwa wakivukuta ni ndugu zetu wa Kidato cha Kwanza, nao walichoka kabla ya jiwe. Hata hivyo gramu 19 zilikuwa zimetoweka, wala hazikuonekana kwa macho zikienda.

Saruji ya leo ni mtoto wa chokaa hiyo. Mwaka 1824 mwashi mmoja wa Leeds, Uingereza, jina lake Joseph Aspdin, alipewa hati ya uvumbuzi wa saruji aliyoiita ya Portland, kwa kuwa rangi yake ilifanana na mawe yachimbwayo Portland, kusini mwa nchi ile. Siku hizi mawe ya chokaa huvunjwa na kusagwa pamoja na udongo wa mfinyanzi, kisha hutiwa katika tanuru iliyo kama bomba kubwa la chuma, iliyolazwa kwa kuinama kidogo na kuzunguka polepole. Joto ndani yake hufika nyuzi 1450. Upande wa chini hutoka vidonge vigumu vyeusi viitwavyo klinka. Klinka husagwa na jasi kidogo, ambayo kazi yake ni kuizuia saruji isigande upesi mno mikononi mwa fundi, na huo unga ndio uliotupaka rangi jioni ile.

Basi hewa ya ukaa hutoka mara mbili katika kazi hii. Mara ya kwanza hutoka katika kuni, makaa ya mawe, mafuta au gesi iletayo moto. Mara ya pili hutoka ndani ya jiwe. Na katika kiwanda cha kawaida ile ya jiwe ndiyo kubwa zaidi: kwa kila sehemu 100 za hewa hiyo, karibu sehemu 60 ni za jiwe, na sehemu 40 ni za moto. Tani moja ya klinka hutoa zaidi ya nusu tani ya hewa ya ukaa kutoka katika jiwe peke yake, kabla hujahesabu moto wowote. Dunia nzima hutengeneza saruji tani bilioni 4 hivi kila mwaka, na kwa sababu hiyo saruji huhesabiwa kutoa kati ya asilimia 7 na 8 ya hewa yote ya ukaa itokanayo na kazi za wanadamu. Hewa hiyo huzuia joto la jua lisirudi lote lilikotoka. Habari za bahari kupanda na mvua kuharibika majira twazisoma katika Jiografia, kwa hiyo sitazirudia hapa.

Sasa natazama kampuni moja. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni miongoni mwa kampuni kubwa za saruji duniani. Pili, ina kiwanda kwetu. Kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilianza kutoa saruji mwaka 1966, nayo ndiyo saruji ya Twiga ambayo kila mtu aijua. Hisa nyingi za kiwanda hicho zimo mikononi mwa kampuni ya Kijerumani iitwayo Heidelberg Materials, ambayo mpaka mwaka 2022 ilijulikana kwa jina la HeidelbergCement.

Wazo Hill ina uhusiano na kwetu Kilwa pia. Tangu mwaka 2004 kiwanda hicho hutumia gesi asilia ya Songo Songo, kisiwa kilicho katika wilaya yetu, iliyopelekwa kwa bomba mpaka Dar es Salaam. Katika mdahalo nilikitaja kiwanda hiki kwa majivuno kama mfano wa kazi iliyokwisha. Hebu tufanye hesabu ambayo sikuifanya siku ile. Gesi asilia, kwa joto lile lile, hutoa hewa ya ukaa pungufu kwa karibu asilimia 40 kuliko makaa ya mawe. Hilo ni jambo kubwa. Lakini moto ni sehemu 40 tu katika 100. Asilimia 40 ya 40 ni 16. Kwa hiyo kiwanda kinachoacha makaa ya mawe na kutumia gesi hupunguza sehemu 16, na sehemu 84 hubaki. Na kama moto wote ungetoka katika jua tupu, pasiwe na moshi hata chembe, bado sehemu 60 zingepaa kila siku kutoka katika jiwe. Hilo ndilo swali la yule msichana.

Kampuni hii imetoa ahadi. Imesema kwamba ifikapo mwaka 2030, kila tani moja ya saruji na vitu vya jamii ya saruji itolewayo na viwanda vyake itakuwa imetoa kilo 400 tu za hewa ya ukaa, na kwamba ifikapo mwaka 2050 itakuwa imefika sufuri, yaani haitaongeza hewani zaidi ya kiasi kinachoondolewa. Mwaka 1990 kiasi hicho kilikuwa karibu kilo 750 kwa tani. Mwaka 2024 kilikuwa kilo 527. Hizo ni wastani wa viwanda vyake vyote duniani, si hesabu ya Wazo Hill peke yake.

Mtu akisoma haraka hufurahi. Mimi pia nilifurahi, kisha nikachukua kalamu. Kutoka 1990 mpaka 2024 ni miaka 34, na kilo zilizopungua ni 223 hivi, maana yake kilo 6 na nusu kwa mwaka. Kutoka 2024 mpaka 2030 ni miaka 6, na kilo zinazotakiwa kupungua ni 127, maana yake kilo 21 kwa mwaka. Ni kama mwanafunzi aliyepanda kutoka alama 30 mpaka 50 katika miaka mitatu, akaahidi kufika 80 katika muhula mmoja ujao. Haikatazwi kuahidi, na wako waliofanya hivyo wakafaulu. Lakini mwalimu atataka kuona daftari lake la mazoezi.

Lipo jambo jingine katika ahadi hiyo ambalo lataka kusomwa polepole, nalo ni yale maneno mawili "kwa tani". Tuseme mama lishe hutumia kopo 4 za mkaa kwa kila sufuria ya maharage, naye hupika sufuria 4 kwa siku. Anatumia kopo 16. Akajifunza kubana mkaa, akatumia kopo 3 kwa sufuria. Wateja wakaongezeka, akapika sufuria 8. Sasa anatumia kopo 24. Amesema kweli anaposema amepunguza mkaa wa kila sufuria, na mwenye msitu naye anasema kweli anaposema miti inakwisha upesi kuliko zamani. Hewa haijui habari za "kwa tani". Kwa hiyo anayetaka kuijua kampuni ya saruji, hii au nyingine yoyote, na aulize tarakimu mbili: ile ya kila tani na ile ya jumla. Tena kampuni ikiuza kiwanda, moshi wa kiwanda kile hutoka katika daftari lake siku ile ile, ilhali bomba la moshi limesimama pale pale na mnunuzi anaendelea kuchoma.

Na liko neno la tatu, dogo zaidi, ambalo nusura linipite: tarakimu hizo huitwa "halisi", baada ya kutoa. Baada ya kutoa nini? Viwanda vingi vya saruji huchoma takataka badala ya makaa, kama vile magurudumu makuukuu ya magari. Kwa kanuni ya mahesabu ambayo viwanda vya saruji vimejiwekea, hewa itokanayo na takataka hizo haihesabiwi katika tarakimu iliyobaki baada ya kutoa, kwa hoja kwamba zingechomwa au kuoza mahali pengine vyovyote vile. Hoja hiyo ina uzito wake. Heri gurudumu lichomwe tanuruni kuliko nyuma ya gereji. Lakini gurudumu likichomwa hutoa hewa ya ukaa kama kawaida, na mimi naona ingefaa tarakimu zote mbili zitajwe kwa sauti moja.

Sasa twende kwenye dawa, maana sipendi makala yanayoishia katika kulaumu. Dawa ya kwanza ni kupunguza klinka ndani ya saruji. Klinka ndiyo yenye dhambi, basi ichanganywe na kitu kingine kinachoganda vema bila kuchomwa upya. Mavi ya chuma yafaa, yale yanayotoka katika tanuru kubwa za chuma. Majivu ya makaa ya mawe yafaa. Mawe ya volkano yafaa pia, nayo yako kwetu upande wa Mbeya. Udongo wa mfinyanzi nao wafaa ukichomwa kwa joto la chini kuliko la klinka, na udongo hauna hewa ya ukaa ndani yake kama jiwe la chokaa. Huko Ghana kampuni hii imeshirikiana na kampuni ya nchi ile katika kazi ya kuchoma udongo huo. Msomaji anaweza kuyaona mambo haya bila kusafiri. Nenda pale penye bweni jipya, okota mfuko mtupu, usome. Ukikuta CEM I, karibu yote ni klinka. Ukikuta CEM II na herufi A, klinka ni kati ya sehemu 80 na 94 katika 100. Na ikiwa herufi ni B, ni kati ya 65 na 79. Mimi nilipakua mifuko ile bila kusoma hata herufi moja, ingawa niliibeba begani.

Lakini klinka haiwezi kuondolewa yote, kwa maana hiyo ndiyo iletayo nguvu. Hapo hubaki dawa ya pili, ambayo ni kuikamata hewa yenyewe kabla haijatoka katika bomba la moshi. Kwa hiyo tuondoke Ujerumani na Dar es Salaam, twende Brevik, mji mdogo wa pwani kusini mwa Norwei, ambako kampuni hii hii ina kiwanda kingine. Mwezi wa Juni mwaka 2025 kilifunguliwa pale kitambo kikubwa cha kunasa hewa ya ukaa, cha kwanza cha namna yake duniani katika kiwanda cha saruji. Kimekusudiwa kunasa tani 400,000 kwa mwaka, nazo ni karibu nusu ya hewa yote ya kiwanda kile.

Namna kinavyofanya kazi si vigumu kueleza. Sote twajua kwamba soda ya baridi hushika hewa yake, na ile iliyoachwa juani huifyatua yote mara ukiifungua. Kule Brevik moshi hupitishwa katika mnara ambamo hunyeshewa maji yenye dawa ya jamii ya amini. Dawa hiyo ikiwa baridi huishika hewa ya ukaa na kuziachia hewa nyingine zipite. Kisha maji hayo hupelekwa mnara wa pili, huko hupashwa moto, nayo huiachilia hewa ya ukaa ikiwa safi. Dawa hupozwa, ikarudi kazini. Joto la kupashia hupatikana kwa kukusanya lile lililokuwa likipotea bure katika kiwanda, na ndiyo sababu wananasa nusu tu: joto la bure lilitosha kwa nusu. Kwa nusu ya pili wangepaswa kuwasha moto mwingine.

Hewa iliyonaswa hukazwa na kupozwa mpaka ikawa kimiminiko, ikapakiwa katika meli, ikapelekwa Øygarden upande wa magharibi wa nchi. Kutoka huko husukumwa katika bomba lenye urefu wa kilometa 100 hivi chini ya bahari, ikaingizwa ndani ya miamba iliyo meta 2,600 chini ya sakafu ya bahari. Niliposoma hayo nilikumbuka gesi yetu ya Songo Songo. Sisi twaitoa gesi chini ya miamba na kuipeleka kwenye saruji. Wao waitoa hewa kwenye saruji na kuirudisha chini ya miamba.

Je, basi swali limejibiwa? Sehemu yake. Kazi ya Brevik ni ya kweli, si maneno ya karatasini, na mtu asiyetaka kuikubali ana kijicho. Ila tusiikuze. Kampuni hii hutoa hewa ya ukaa mamilioni kwa makumi ya tani kila mwaka. Tani 400,000 hazifiki sehemu moja katika mia ya jumla hiyo. Na mtambo ule haukujengwa kwa fedha za kampuni pekee. Sehemu kubwa ya gharama ililipwa na Serikali ya Norwei, ambayo Bunge lake liliupitisha mpango huo mwaka 2020. Tena katika Ulaya mwenye kiwanda hupaswa kuwa na kibali kwa kila tani ya hewa ya ukaa atoayo, na vibali hivyo huuzwa na kununuliwa tangu mwaka 2005. Huko kunasa hewa ni njia ya kuokoa fedha. Hapa kwetu hakuna bei ya namna hiyo, wala meli ya kuibeba hewa, wala bomba la kuizika. Ahadi ni moja, lakini haitimizwi kwa uzito ule ule kila mahali, na mimi siilaumu kampuni peke yake kwa jambo hilo. Mwenye kuahidi hutimiza kwanza pale anapobanwa.

Wakati wa likizo nilimweleza baba yangu mambo haya. Baba ni fundi mwashi, na karo yangu, sare zangu na sanduku langu la bweni vyote vimetoka katika saruji. Nilimkuta akipiga lipu nyumba ya jirani. Nikamwambia, "Baba, kwa wastani wa kampuni ile, kila mfuko mmoja wa kilo 50 umekwisha kutoa kilo 26 za hewa chafu kabla hujaufungua." Akauweka mwiko wake chini.

"Kwa hiyo mnataka watu wasijenge?" akauliza.

"La, Baba."

"Nikaezeke makuti tena? Makuti nayo yataka minazi, na minazi imekatwa."

Nikamweleza kwamba hata ahadi ikitimia yote, kilo 26 zitakuwa 20, na ujenzi utaendelea. Akafikiri kidogo, kisha akanifundisha jambo ambalo sikulikuta katika kitabu chochote. Alisema kwamba saruji nyingi aionayo huharibika bila kujenga kitu. Watu huilaza mifuko juu ya sakafu ikanywa unyevu ikawa mawe. Huchanganya zege karai kumi asubuhi kwa kazi ya karai sita, nyingine ikagandia chini. Hununua saruji yenye namba 42.5, ambayo ni ya nguzo na zege la juu, wakapigia lipu na kufyatulia matofali, kazi ambazo 32.5 ingezitosha. "Fundi wa zamani aliogopa kumwaga chokaa," alisema, "kwa kuwa aliichoma mwenyewe."

Nilirudi shuleni nikaenda kuhesabu. Katika mifuko yetu 300, mifuko 9 ilikuwa imenyeshewa na kuganda kabla ya kutumika, kwa kuwa sisi tulioipakua hatukutandika mbao chini. Hakuna aliyetuagiza kutandika, lakini mimi mtoto wa fundi nilipaswa kujua. Kwa wastani ule wa kilo 26, hizo ni kilo 234 za hewa ya ukaa zilizotoka bure. Mifuko yote 300 ni tani 15 za saruji, na hewa yake yapata tani 8. Ukuta wa bweni utairudisha kidogo kwa miaka mingi, maana zege hunywa hewa ya ukaa polepole kadiri linavyozeeka. Chokaa ya babu hunywa zaidi, nayo hugeuka kuwa jiwe tena ikiwa ukutani. Lakini zege halinywi yote iliyotoka.

Kabla ya kumpa Mhariri makala haya nilimpelekea yule msichana wa Kidato cha Tatu ayasome. Aliyasoma yote akiwa amesimama, mlangoni mwa maktaba, akanirudishia karatasi. "Kaka," akasema, "umeeleza vizuri hewa ya jiwe inatoka wapi, na ya Brevik inakwenda wapi. Ya Wazo Hill je?" Nikamwambia kwamba gesi ya Songo Songo imepunguza ile ya moto, na kwamba kuichanganya klinka kutapunguza ile ya jiwe. "Na itakayobaki?" akauliza. Itakayobaki bado inapaa. Muhula ujao tumeomba mdahalo mwingine juu ya hoja hiyo hiyo, na safari hii tumepangwa upande mmoja.